Sheria, Sanaa na Mtandao: Maswali Wanayoniuliza Wanasheria Wanaoanza

Mimi ni wakili, nafanyia kazi Dar es Salaam, na nilianza kuchora kabla sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa hati ya madai. Mpaka leo nachora, narekodi video fupi za sheria na kuziweka mtandaoni. Wanafunzi wa sheria na vijana waliohitimu juzijuzi huniandikia kila wiki, na maswali yao yanafanana sana. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengi yanahusu Tanzania Bara kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi, ila kuna mahali nimegusa Kenya pia.

Mwanasheria anaruhusiwa kuchora, kuimba au kuwa na ukurasa wenye wafuasi wengi?

Anaruhusiwa. Sheikh Kaluta Amri Abeid, ambaye kila mpenda ushairi wa Kiswahili anamfahamu, aliwahi kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika baada ya uhuru. Hilo halinishangazi hata kidogo. Ushairi na sheria zote ni kazi za kupima maneno. Neno likikaa vibaya kwenye ubeti, mizani inavunjika. Likikaa vibaya kwenye mkataba, mtu anatolewa vyombo nje.

Maadili ya uwakili hayajali una kipaji gani. Yanaangalia mambo matatu: siri za mteja, heshima ya mahakama, na namna unavyotafuta kazi. Ukiyashika hayo, chora, imba, andika hadithi.

Bado nasoma shahada ya kwanza. Kwenye ukurasa wangu nijiite nani?

Jiite mwanafunzi wa sheria, kwa maneno hayohayo. Ukihitimu, jiite mwanasheria. Wakili ni yule aliyemaliza Shule ya Sheria (mafunzo ya uwakili baada ya shahada), akaapishwa na Jaji Mkuu, jina lake likaingizwa kwenye daftari la mawakili, na akawa na leseni hai ya mwaka. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza mtu asiye na sifa kujifanya wakili, na inamkataza pia kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo. Kwa hiyo yule rafiki anayekuomba umwandikie mkataba wa kuuziana kiwanja kwa shilingi elfu hamsini anakuingiza kwenye kosa, hata kama nia yake ni kukusaidia nauli.

Naona wengi wanaandika "wakili mtarajiwa". Mimi nawashauri waliache. Mtu anayepitisha kidole kwenye simu ndani ya daladala anaona neno la kwanza tu.

Nianze na maudhui gani?

Anza na jambo moja ambalo watu wa mtaani kwenu wanalielewa vibaya na linawaumiza. Usianze na Katiba yote, wala na historia ya sheria tangu mkoloni. Na usianze na uso wako umevaa suti ukisema "karibuni kwenye ukurasa wangu".

Mfano wangu ni msimamizi wa mirathi. Sijui ni familia ngapi nimezisikia zikisema, "Baba mkubwa ndiye aliyeteuliwa mahakamani, kwa hiyo nyumba sasa ni yake." Kikao cha ukoo kinakaa, kinapendekeza jina, Mahakama ya Mwanzo inamteua, na kuanzia siku hiyo mjane na watoto wanaanza kumwomba ruhusa ya kuishi kwenye nyumba yao. Kumbe kazi ya msimamizi ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kugawa kinachobaki kwa warithi, kisha kurudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Anaweza kuwa mmoja wa warithi, lakini uteuzi peke yake haumpi hata kijiko.

Nilijaribu kulieleza hilo kwa maandishi mara tatu. Mara zote lilikuwa sahihi, na mara zote halikusomwa. Halafu siku moja, nikiwa kwenye shughuli ya arobaini, nikamwona mama mmoja kajifunga kanga kiunoni, kashika upawa mbele ya sufuria kubwa la pilau. Watoto wamejipanga na sahani. Anajua nani hajapata, anajua nani karudi mara ya pili, na yeye mwenyewe alikula mwisho kabisa. Nikarudi nyumbani nikamchora. Chini nikaandika: "Msimamizi wa mirathi ameshika upawa. Pilau ni ya warithi." Mchoro huo umezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya koo nisizozijua, mwingine umekatwa mpaka jina langu limetoka, na sijutii.

Ndiyo maana nasema ubunifu kwenye kazi yetu hauko kwenye muziki wa kuweka nyuma ya video. Uko kwenye kutafuta upawa. Kila kanuni ya sheria ina mfano wake umekaa mahali fulani jikoni, sokoni au kwenye kituo cha bodaboda, na mwenye macho ya msanii ndiye anayeuona.

Nitumie Kiswahili au Kiingereza? Naogopa ofisi kubwa zitaniona sijui Kiingereza.

Tumia Kiswahili, na ukitumie kwa ustadi uleule unaotumia kwenye maombi yako ya kazi.

Tulipokuwa mwaka wa pili, tulikuwa tunakula kwa mama mmoja aliyepanga fremu karibu na chuo. Siku moja akanifuata na karatasi iliyokunjwa mara nne, ina alama ya mafuta kwenye pembe. "Mwanangu, hebu nisomee hapa, wameandika nini?" Ulikuwa mkataba wake wa pango, kurasa tatu za Kiingereza, na sahihi yake iko chini ya kila ukurasa. Kifungu alichokiwekea kidole kilisema akichelewesha kodi siku saba, mkataba unakufa na kilemba, yaani malipo aliyotoa ili apewe fremu, hakirudi. Nilimweleza. Akanyamaza, akafuta mikono kwenye aproni, akaniuliza, "Na nilikubali?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Ulisaini." Swali lake ndilo limenifanya niandike kwa Kiswahili mpaka leo.

Sheria yenyewe imesogea huko. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Februari 1 mwaka huohuo, kwenye Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, na akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Kazi iliyobaki ni kubwa: vitabu, hukumu za miaka mingi na mafunzo yetu bado yamejaa Kiingereza. Anayeweza kuhamisha dhana ngumu kwenda kwenye Kiswahili kinachosomeka ana ujuzi ambao ofisi zinauhitaji. Weka Kiingereza chako kwenye makala ya kitaaluma na kwenye ukurasa wako wa LinkedIn. Hakuna anayekuzuia kuwa navyo vyote viwili.

Watu wananiuliza kesi zao inboksi. Niwajibu?

Wajibu kama binadamu, usiwashauri kama wakili. Una upande mmoja wa hadithi, hujaona nyaraka, na muda wa kukata rufaa huenda unaisha kesho bila wewe kujua. Mimi nina ujumbe ambao nimeuandika mapema: nampa pole, namweleza kwamba siwezi kutoa ushauri kwa njia hiyo, na namwelekeza pa kwenda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria, na wako wilayani, wengine hadi kwenye kata. Tafuta wa eneo lako, zungumza nao kabla hujawapelekea watu, na uwe na namba zao tayari.

Kwenye maoni ya wazi, usimruhusu mtu amwage jambo lake. Nimewahi kuona dada anaeleza ukatili wa mume wake chini ya video ya mwanafunzi, kwa jina lake halisi, na mwanafunzi anamjibu hapohapo huku mashemeji wanasoma. Ficha maoni ya namna hiyo upesi, halafu mwandikie faraghani.

Naweza kusimulia mambo ninayoyaona ofisini, nikificha majina?

Hapa naomba usome taratibu.

Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, nilipiga picha ya meza yangu jioni. Kikombe cha chai, daftari la michoro, mwanga mzuri unaingia dirishani. Nikaandika maneno mawili matatu ya kujipa moyo, nikaiweka Instagram. Asubuhi yake wakili aliyekuwa akinisimamia aliniita, akaweka simu yake mezani. "Kuza hapo pembeni ya kikombe." Nikakuza. "Soma." Nikasoma: jina la mteja wetu, jina la mwenzake, na namba ya shauri, vyote kwenye jalada nililodhani halionekani. Hakunipigia kelele. Akasema, "Huyu mama hajamwambia hata mama yake mzazi kwamba anadai talaka."

Picha nilishaifuta kabla hajamaliza sentensi, lakini ilikuwa imekaa usiku kucha. Sikulala vizuri wiki ile, na nilistahili.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Usisimulie, hata ukibadili majina. Mji ni mdogo. Ukiandika "mfanyabiashara mmoja wa vitenge Kariakoo anayegombana na mdogo wake", tayari watu ishirini wamemjua. Siri ya mteja haiishi kesi ikiisha, wala haiishi ukihama ofisi. Na sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo inaongeza wajibu mwingine juu ya ule wa maadili. Ofisini piga picha ya dari, au usipige kabisa.

Sasa mifano nitaitoa wapi?

TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko pale bure, zimejaa visa ambavyo hakuna mtunzi angeweza kuvibuni. Chagua iliyokwisha kabisa, isiyo na rufaa inayosubiri, maana kulitolea hukumu yako shauri ambalo bado liko mbele ya jaji ni kujitafutia matatizo na kuwakosea wahusika. Mimi hata kwenye hukumu za wazi siweki majina ya watu wa kawaida, hasa watoto na waliofanyiwa ukatili. Mahakama iliyataja kwa sababu zake. Mimi ninachofundisha ni kanuni, na kanuni haihitaji jina la mtu.

Je, kuwa na ukurasa si kujitangaza? Nasikia wakili hajitangazi.

Soma Kanuni za Maadili ya Mawakili za mwaka 2018 mwenyewe, usitegemee ya kusikia. Mimi nimejiwekea mipaka mikali kuliko ninavyoona inalazimu: siahidi ushindi, sijilinganishi na wakili mwingine, siweki picha za wateja wakishukuru, simlipi mtu aniletee kazi, na sijitokezi kwenye msiba au ajali na kadi zangu. Ninaeleza sheria, na jina langu na ofisi vipo pale kwa anayetaka kunipata.

Kenya wana historia yao kwenye hili. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa marufuku ya jumla ya mawakili kujitangaza, na mwaka 2014 zikatoka kanuni maalumu za namna wakili anavyoweza kujitangaza. Ukiwa mwanafunzi wa Shule ya Sheria ya Kenya pale Karen, Nairobi, au uko kwenye ile miezi sita ya mafunzo chini ya wakili mzoefu, zisome kanuni hizo kabla ya kuiga ukurasa wa Mtanzania, na Mtanzania asiige wa Mkenya.

Nahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania?

Inategemea unafanya nini. Wanaoendesha chaneli za habari na matukio wanahitaji leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa 2022, ndizo zenye tafsiri ya nani ni nani. Zisome, na kama chaneli yako inaanza kuhoji watu na kuripoti matukio, nenda kaulize TCRA kabla hujaendelea. Pamoja na hizo, soma kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kuhusu taarifa za uongo. Mwanasheria anayesambaza taarifa bila kuihakiki hana pa kujifichia.

Shule ya Sheria inaanza mwezi ujao. Niendelee kuchapisha?

Punguza. Punguza sana. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumza matokeo ya pale: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu mitihani yote walikuwa 26, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Mijadala kuhusu sababu ilikuwa mingi, lakini kwako wewe unayeingia, namba hizo zinatosha kukuambia muda wako unahitajika wapi.

Mimi nilichora michoro kumi na minane kabla ya kuanza, nikawa naitoa mmoja mmoja kila wiki tatu. Wafuasi walipungua kidogo. Walirudi.

Nina posti za zamani za ujana. Nizifute?

Zipitie zote, jioni moja, umekaa. Matusi, kejeli kwa majaji, utani wa kikabila na picha za watu wasiokubali: futa. Lakini fahamu kwamba kufuta kwako hakuondoi nakala aliyonayo mtu mwingine, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani. Kama uliwahi kumkosea mtu hadharani, omba radhi kabla ya kufuta. Michoro mibaya na mashairi mabovu yaache, hayajamwumiza mtu.

Ninachochora nikiwa nimeajiriwa ni cha nani?

Swali zuri ambalo wanasheria husahau kujiuliza wenyewe. Hakimiliki huzaliwa kazi inapotengenezwa, bila kusubiri usajili. Lakini kazi uliyoifanya ndani ya majukumu ya ajira, haki zake za kiuchumi huwa za mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Siku ya kusaini mkataba wa ajira, omba kiongezwe kifungu kimoja kinachosema ukurasa wako na michoro unayofanya nje ya saa za kazi ni vyako. Nimewaona wawili wakishindwa kuondoka na kurasa walizozijenga wenyewe kwa sababu hawakuomba hivyo.

Kuna mtu aliyeanzia kwenye vyombo vya habari akafika mbali kisheria?

Rebeca Gyumi. Kabla ya kuanzisha Msichana Initiative, shirika la kutetea haki za wasichana, vijana wengi walimfahamu kwa kumwona kwenye vipindi vya Femina, shirika la habari za vijana. Alikuwa na shahada ya sheria, na alikuwa amezoea kuzungumza na vijana kwa lugha yao. Akafungua shauri kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Ninapomtazama naona mtu ambaye kipaza sauti kilimfundisha kusikiliza, halafu akaenda mahakamani akijua anawasemea akina nani.

Kampuni inataka kunilipa nitangaze bidhaa yake. Nipokee?

Kama ni rangi za kuchorea, pokea na useme wazi umelipwa. Kama ni kampuni ya mikopo ya simu au ya kubeti, kataa. Wateja wao ndio watakaokuja kesho kukuomba msaada.

Nitajuaje kama ninachofanya kinafaa? Wafuasi wangu hawafiki elfu moja.

Mwaka jana nilikuwa Mahakama ya Mwanzo, nimekaa kwenye benchi la nje nikisubiri shauri lingine. Pembeni yangu alikuwepo msichana wa miaka ishirini hivi na baba yake mdogo. Msichana alikuwa ameshika simu iliyopasuka kioo, anamwonyesha karani mchoro. Ulikuwa wa yule mama na upawa, ule uliokatwa jina. "Kaka, naomba unisaidie," alimwambia karani. "Huyu baba mdogo ndiye msimamizi, miaka miwili sasa. Nasikia anatakiwa kuleta orodha ya mali na hesabu. Mimi sijawahi kuziona."

Baba mdogo akasema mambo ya familia hayaletwi kwenye simu. Karani akaomba namba ya shauri, akaingia masjala, akarudi na jalada. Orodha haikuwemo. Akamwelekeza msichana namna ya kuandika barua ya kumwomba hakimu amwite msimamizi, akampa na karatasi.

Kalamu ilikuwa yangu. Sikumwambia mimi ni nani, kwa kuwa jambo lake halikuwa mikononi mwangu. Aliandika barua kwa Kiswahili, mistari tisa, akaipeleka ndani.